Mamlaka ya Namba Nne: Historia ya Mahali na Ukubwa wa Madirisha ya Kompyuta

Dirisha la kompyuta ni eneo la mstatili ndani ya skrini ambalo programu moja imepewa ili ichore humo yale ambayo mtumiaji anapaswa kuyaona, na kwa mashine yenyewe eneo hilo hujulikana kwa namba nne: mbili zinazotaja mahali ilipo kona yake ya juu upande wa kushoto, moja ya upana wake na moja ya kimo chake. Namba hizo kwa kawaida huhesabiwa kwa pikseli, yaani nukta ndogo kabisa ambazo kwazo picha yote ya skrini hujengwa. Jambo dogo kiasi hicho lingeweza kudhaniwa kuwa liliamuliwa na wahandisi wa mwanzo na kusahauliwa, lakini limekuwa likizozaniwa tangu miaka ya 1970 hadi leo, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi ilhali swali la nani mwenye haki ya kuziandika namba hizo halijawahi kupata jibu moja. Wadai wa haki hiyo ni wanne. Wa kwanza ni mtumiaji, ambaye ndiye mwenye macho na mwenye kazi ya kufanya. Wa pili ni programu iliyolifungua dirisha. Wa tatu ni msimamizi wa madirisha, yaani programu maalumu ambayo kazi yake ni kugawa nafasi ya skrini miongoni mwa programu nyingine. Na wa nne ni maktaba ya zana za kiolesura, yaani mkusanyo wa vipande vilivyokwisha kuandikwa, kama vile vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia, ambavyo mwandishi wa programu huvitumia badala ya kuviunda upya kila mara. Mamlaka hayo yamehama mara nyingi kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na mwelekeo wake, ukitazamwa kwa jumla, ni mmoja: programu, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ikiamuru, imegeuzwa hatua kwa hatua kuwa mwombaji.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake kipanya pamoja na skrini iliyogawanywa sehemu kadhaa, lakini madirisha kama yanavyofahamika sasa yalizaliwa miaka michache baadaye katika PARC, kituo cha utafiti ambacho kampuni ya Xerox ilikifungua mwaka 1970 mjini Palo Alto, California. Kompyuta ya Alto, iliyokamilika hapo mwaka 1973, ilikuwa na skrini ya wima yenye upana wa pikseli 606 na kimo cha pikseli 808, kwa kuwa walioibuni waliitaka ifanane na ukurasa wa karatasi. Kila pikseli ilishikiliwa na biti moja ya kumbukumbu, hivyo picha ya skrini nzima ilimeza takriban kilobaiti 60 katika mashine ambayo kumbukumbu yake ya kawaida ilikuwa kilobaiti 128. Ukurasa mmoja haukutosha kwa mtu mwenye kazi tatu kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu Alan Kay na wenzake, waliokuwa wakiunda lugha ya programu iitwayo Smalltalk, waliamua kwamba madirisha yalaliane kama karatasi zilizorundikwa juu ya meza, la juu likifunika sehemu ya lile la chini. Dan Ingalls aliliwezesha wazo hilo kwa kuandika operesheni ya BitBlt, ambayo huhamisha kipande cha mstatili cha biti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine kwa kasi.

Katika Smalltalk jibu la swali la mamlaka lilikuwa la moja kwa moja. Mtumiaji alipotaka dirisha jipya, mfumo ulimsubiri abonyeze kipanya mahali alipotaka iwe kona ya juu kushoto, kisha avute hadi kona ya chini kulia na kuachia, ndipo dirisha likachorwa ndani ya mstatili huo. Namba zote nne ziliandikwa na mkono wa mtu. Utaratibu huo ni wa haki lakini unachosha, kwani anayefungua madirisha kumi hulazimika kupima mistatili kumi kabla hajaandika hata neno moja.

Uchovu huo ulionekana mapema. Xerox ilipotoa mashine ya biashara ya Star mwaka 1981, wabunifu wake, wakiwa wamewaona watumiaji wa mifumo ya awali wakipoteza muda mwingi kuyasogeza madirisha ili yasizibane, waliamua kwamba madirisha ya hati yasilaliane kabisa, na mfumo wenyewe ukapewa kazi ya kuyapanga ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu. Mfumo wa Cedar, uliotumiwa na watafiti ndani ya PARC, ulifuata njia hiyohiyo, na vivyo hivyo mradi wa Andrew wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambako James Gosling, aliyekuja kujulikana baadaye kwa lugha ya Java, aliandika msimamizi wa madirisha wa vigae. Hata Windows 1.0, iliyotolewa na Microsoft mwezi Novemba 1985, ilipanga madirisha makuu ya programu kwa vigae na kuruhusu visanduku vya mazungumzo tu, yaani vile vidirisha vidogo vinavyouliza swali na kusubiri jibu, vielee juu ya vingine. Kwa hiyo dhana iliyoenea kwamba vigae ni ubunifu wa vijana wa Linux wa karne hii haina msingi. Katikati ya miaka ya 1980 mtazamaji makini angeweza kabisa kutabiri kwamba vigae ndivyo vingeshinda.

Havikushinda, na sababu kubwa ni Macintosh, iliyotolewa na Apple mwezi Januari 1984. Skrini yake ilikuwa na pikseli 512 kwa 342 tu, eneo ambalo likigawanywa kwa vigae viwili huacha vichochoro visivyofaa kazi yoyote ya maana, hivyo kulaliana kulikuwa karibu lazima. Bill Atkinson, mwandishi wa maktaba ya michoro ya QuickDraw, alibuni namna ya kuhifadhi eneo la umbo lolote, hata lenye kona nyingi, kwa kumbukumbu kidogo, ili programu iweze kuchora ndani ya sehemu inayoonekana tu ya dirisha lililofunikwa nusu bila kuligusa lile lililo juu yake. Alikuwa miongoni mwa ujumbe wa Apple uliotembelea PARC mwaka 1979, na aliondoka akiamini kwamba mifumo ya Xerox tayari ilikuwa ikifanya jambo hilo. Baadaye ilibainika kwamba haikuwa ikilifanya, na kwamba alikuwa amevumbua kitu kwa kudhani kwamba anakiiga.

Mamlaka katika Macintosh ya mwanzo yalikuwa ya programu karibu yote. Faili ya programu ilibeba ndani yake rekodi ya kila dirisha, ikiwa na mstatili uliokwisha kupimwa na mwandishi wake, na dirisha lilipofunguliwa lilikaa pale pale alipokusudia. Mtumiaji aliruhusiwa kulisogeza, lakini hata ruhusa hiyo ilipita mikononi mwa programu: kipanya kilipobonyezwa, mfumo uliipa programu habari, programu ikauliza bonyezo limeangukia sehemu gani, na ikijibiwa kuwa ni kwenye upau wa kichwa, yaani ule mkanda wa juu wenye jina la dirisha, programu ndiyo iliyoita utaratibu wa kulivuta. Programu iliyoshughulika na hesabu ndefu ilikuwa na dirisha lisilosogea. Kilichovutwa, isitoshe, hakikuwa dirisha bali mzingo wake wa kijivu, kwa sababu kichakataji cha wakati ule hakikuweza kuchora upya yaliyomo kwa kasi ya mkono. Hata katika Windows, uvutaji wa dirisha pamoja na yaliyomo ulifika kwa watumiaji wa kawaida kupitia nyongeza ya Plus! iliyouzwa pamoja na Windows 95. Urithi mmoja wa mpango huo ulidumu kupita kiasi: dirisha la Macintosh liliendelea kupanuliwa kwa kona ya chini kulia peke yake mpaka mwaka 2011.

Microsoft ilipoviacha vigae mwaka 1987 kwa Windows 2.0, ilichukua msimamo wa kati ambao umedumu hadi leo. Amri ya kuunda dirisha hudai namba zote nne, lakini mwandishi wa programu asiyejali anaweza kuweka mahali pa namba alama maalumu inayomaanisha kwamba mfumo uchague wenyewe, na mfumo huliweka kila dirisha jipya chini kidogo na kulia kidogo ya lililotangulia, ili upau wa kichwa wa kila moja ubaki ukionekana. Suluhisho hilo ni la busara kuliko linavyosifiwa, kwani liliwapa waandishi wavivu, ambao ndio wengi, tabia njema bila wao kujitaabisha.

Mahali ambapo swali la mamlaka lilijadiliwa kwa kina na kwa maandishi ni katika mfumo wa X. Ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, mikononi mwa Robert Scheifler na Jim Gettys, kwa ajili ya Mradi wa Athena uliolenga kuwapa wanafunzi kompyuta za kampuni tofauti zenye kiolesura kimoja. Ulitokana na mfumo wa W ulioandikwa Stanford, na jina lake ni herufi inayofuata katika alfabeti. Toleo la 11, ambalo itifaki yake, yaani kanuni za mazungumzo kati ya sehemu zake, inatumika mpaka sasa, lilitoka Septemba 1987. Waasisi wake walishikilia kwamba mfumo utoe nyenzo za kufanyia mambo na usitoe amri ya namna ya kuyafanya, hivyo wakakataa kuamua madirisha yakae wapi, yawe na fremu ya aina gani, au yalaliane au yasilaliane. Uamuzi huo wote uliachiwa msimamizi wa madirisha, ambaye katika X ni programu ya kawaida kama nyingine yoyote, inayoweza kuzimwa na kubadilishwa na nyingine huku kazi ikiendelea.

Matokeo yake ni kwamba dirisha la X lilikuwa na mabwana watatu kwa mpigo. Mtumiaji alikuwa na sauti tangu kwenye mstari wa amri, kwa njia ya maandishi mafupi ya kipimo: anayeandika 80x24-0+0 anapoanzisha xterm, programu ya kuandikia amri, anaomba dirisha lenye safu wima 80 na mistari 24 ya herufi, lililogusa ukingo wa kulia na ukingo wa juu wa skrini. Alama ya kutoa katika maandishi hayo haina maana ya namba iliyo chini ya sifuri. Inamaanisha kwamba umbali upimwe kutoka ukingo wa pili, na anayetaka kweli dirisha litokeze nje ya ukingo wa kushoto kwa pikseli kumi hana budi kuandika alama mbili zikifuatana, +-10. Ni lugha kavu, lakini imeokoa saa nyingi za watu waliotaka madirisha yao yakae palepale kila asubuhi. Kwa asiyetumia lugha hiyo, msimamizi wa madirisha aliyeitwa twm, ambaye Tom LaStrange alimwandika mwaka 1987, alirudi kwenye desturi ya Smalltalk: dirisha jipya lilitokea kama mzingo mtupu ulioning'inia kwenye kielekezi cha kipanya, na halikutua mpaka mtumiaji abonyeze.

Programu nazo zilikuwa na matakwa yao, na ilibidi zipate namna ya kuyaeleza bila kuamuru. Kazi ya kuandika kanuni hizo ilimwangukia David Rosenthal, ambaye awali alishirikiana na Gosling katika mradi wa Andrew, naye mwishoni mwa miaka ya 1980 alitoa mwongozo unaojulikana kwa kifupisho cha ICCCM. Kwa mujibu wa mwongozo huo uhusiano wa programu na msimamizi wa madirisha unafanana na ule wa mwombaji wa kiwanja na ofisi ya ardhi: mwombaji hujaza fomu, hutaja ukubwa anaoutaka na mahali anapopapenda, kisha husubiri, na akigawiwa kiwanja kingine hana mahakama ya kukimbilia. Katika fomu hiyo programu hutaja upana na kimo cha chini kabisa inachoweza kukivumilia, na vya juu kabisa; uwiano wa upana kwa kimo, ikiwa ni lazima uhifadhiwe; na hatua za kupanuka, ambazo huiwezesha xterm kukua kwa herufi nzima nzima ili isiachwe na nusu ya mstari chini. Juu ya hayo hutaja jambo ambalo ni kiini cha mpango wote, nalo ni kama mahali pale pametakwa na mtumiaji mwenyewe au pamekadiriwa na programu tu. Ombi la mtumiaji huheshimiwa. Makadirio ya programu hupuuzwa pindi msimamizi akiona mahali bora zaidi. Haikuchukua muda waandishi wa programu wakagundua kwamba programu inayodai kuwa mtumiaji ndiye aliyetaka husikilizwa, wakaanza kudai hivyo hata pale ambapo mtumiaji hakuulizwa lolote. Kanuni iliyotegemea ukweli wa mwombaji haikuwa na njia ya kuuthibitisha ukweli huo.

Ugumu mwingine ulitokana na fremu. Msimamizi wa madirisha katika X hulichukua dirisha la programu na kulitia ndani ya dirisha lake mwenyewe lenye upau wa kichwa na kingo za kushikia, hivyo swali la dirisha liko wapi likawa na majibu mawili, moja la fremu na jingine la yaliyomo. Programu iliyoandika mahali pa yaliyomo wakati wa kufungwa na kuomba mahali hapohapo kwa fremu ilipofunguliwa tena ilijikuta imeshuka kwa kimo cha upau wa kichwa, na kila ilipofunguliwa ilizidi kushuka. Maktaba ya Qt, ambayo Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walianza kuiandika nchini Norway mwaka 1991, ilitatua tatizo hilo kwa kutoa vipimo viwili vilivyo wazi, kimoja cha dirisha pamoja na fremu yake na kingine bila fremu, na tangu toleo la 4.2 la mwaka 2006 ikaongeza amri mbili za kuhifadhi na kurejesha hali ya dirisha kwa jumla, ili mwandishi wa programu asizishike kabisa zile namba. Maelezo ya Qt yenyewe yanakiri kwamba katika X fremu haiwezi kujulikana mpaka dirisha limekwisha kuonekana, na kwamba hata hapo msimamizi wa madirisha anaweza kufanya apendavyo.

Yote hayo yanahusu dirisha likitazamwa kwa nje. Ukubwa wake, hata hivyo, ulikuwa ukichukuliwa kutoka mlango wa ndani, na aliyeuchukua ni maktaba ya zana. Xt, maktaba ya msingi iliyosambazwa pamoja na X, iliweka sheria kwamba kijenzi, yaani kitufe au kisanduku chochote kilichomo dirishani, hakijipangii ukubwa. Huomba kwa mzazi wake, ambaye hujibu ndiyo, hapana, au karibu, na jibu la tatu huja na vipimo mbadala ambavyo mtoto akiviomba vitakubaliwa. Chanzo kingine cha fikra hizo ni upigaji chapa. Donald Knuth wa Stanford, katika programu ya TeX aliyoianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kupanga kurasa za vitabu vya hisabati, alizichukulia herufi na mistari kuwa masanduku yaliyounganishwa kwa gundi inayoweza kunyooka na kusinyaa kwa kiasi kilichowekwa. Miaka michache baadaye, katika chuo hichohicho, Mark Linton na wenzake walioandika maktaba ya InterViews waliihamishia gundi hiyo ndani ya madirisha: vitufe viwili vikawekewa gundi katikati, na dirisha lilipopanuliwa gundi ndiyo iliyovutika, vitufe vikabaki na ukubwa wake.

Aliyelieneza jambo hilo kwa waandishi wa kawaida ni John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeandika maktaba ya Tk kuanzia mwisho wa mwaka 1988. Mpangaji wake mkuu wa vijenzi huanza na uwazi mtupu. Kijenzi cha kwanza hupewa upande mmoja wa uwazi huo, tuseme juu, na kukata mkanda unaokitosha, kijenzi cha pili hukata upande wa kile kilichobaki, na kadhalika mpaka vyote vipate mahali. Hesabu hiyo huenda pia kinyume: kila kijenzi kikitaja haja yake, jumla ya haja zote ndiyo inayokuwa ukubwa wa dirisha. Mwandishi wa programu hataji upana wala kimo, na dirisha huwa kubwa kama yaliyomo yanavyotaka, si zaidi. Maktaba ya GTK, iliyoandikwa na Spencer Kimball na Peter Mattis wakiwa wanafunzi wa Berkeley kwa ajili ya programu yao ya picha ya GIMP, ilijengwa juu ya masanduku ya namna hiyo, na Java, iliyotoka Januari 1996, iliyafanya kuwa njia ya kawaida kwa sababu programu zake zilitarajiwa kufunguliwa kwenye mashine ambazo fonti na skrini zake mwandishi hangeweza kuzijua.

Ulimwengu wa Windows ulichelewa katika hili kwa miaka mingi. Visanduku vyake vya mazungumzo vilipangwa kwa namba zisizobadilika, ingawa kipimo chake kilikuwa cha werevu fulani: robo ya upana wa wastani wa herufi kwa mlalo, na sehemu moja ya nane ya kimo cha herufi kwa wima, ili fonti ikikua kisanduku nacho kikue. Kipimo hicho hakikuwasaidia watafsiri, kwa kuwa maandishi yanapotafsiriwa hubadilika urefu, na kitufe kilichopimwa kwa lugha moja hukata maneno ya lugha nyingine. Hali ilikuwa hiyohiyo katika OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice chini ya mradi wa Kilinux: visanduku vyake vilikuwa na vijenzi vilivyofungwa kwa namba, na kazi ya kuvihamishia kwenye mpango unaojipima wenyewe ilianza kuonekana katika LibreOffice, mrithi wa programu hiyo, takriban mwaka 2013. Kwa lugha zisizo na nguvu ya soko, ambazo hakuna kampuni itakayompa mtu ujira wa kupima upya mamia ya visanduku kwa ajili yake, mpango unaojipima ni sharti la kuwamo.

Njia ya tatu ya kupanga yaliyomo, mbali na namba zisizobadilika na masanduku yanayojipima, ni ya zamani kuliko zote. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha katika programu yake ya Sketchpad, huko MIT, kwamba mchoraji anaweza kuieleza kompyuta masharti, kwa mfano mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu sawa, na kompyuta ikatafuta yenyewe namba zinazoyatimiza. Alan Borning aliliendeleza wazo hilo akiwa PARC katika miaka ya 1970, na yeye pamoja na Greg Badros, katika Chuo Kikuu cha Washington, wakashiriki kutunga algorithimu ya Cassowary, inayoyatatua masharti ya namna hiyo kwa haraka na kukubali kwamba baadhi ni ya lazima na mengine ni ya kupendekezwa tu. Apple iliichukua na kuifanya msingi wa mpango wake mpya wa madirisha mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikaipeleka kwenye simu.

Wakati ukubwa ukielekea kwa maktaba, mahali pa dirisha paliharibiwa na waliopatumia vibaya. Kuanzia mwaka 1997 kurasa za wavuti katika kivinjari cha Netscape ziliweza kulisogeza dirisha kwa amri ya JavaScript, na watangazaji walikimbilia uwezo huo kufungua madirisha yasiyoombwa, mengine yakikaa nyuma ya mengine na mengine yakiukimbia mshale wa kipanya, mpaka vivinjari vikaupunguza kabisa. Skrini zilipokuwa nyingi, zile namba nazo zilianza kudanganya bila mtu kukusudia: mwenye kompyuta ya mapajani aliyefunga programu ikiwa kwenye skrini ya ofisini aliifungua nyumbani na kuikuta haionekani, kwani ilijipeleka mahali ambapo hapakuwa na kioo tena. Windows yenyewe hulipeleka dirisha lililopunguzwa kuwa ikoni kwenye mahali pa kufikirika, pikseli 32,000 kushoto na juu ya skrini, na programu iliyohifadhi namba hizo bila kutafakari hujifungulia huko huko. Vigae pia vilirudi, kwa watu wachache kupitia wasimamizi wa X kama dwm wa mwaka 2006 na xmonad wa mwaka 2007, na kwa umma kupitia Windows 7 ya mwaka 2009, ambapo dirisha likivutwa hadi ukingo wa skrini hujaza nusu yake. Simu, kwa upande wake, iliifuta hoja yote kwa muda: programu moja, skrini nzima.

Hatua ya kuinyima programu haki ya mahali moja kwa moja ilikuja na Wayland, mrithi wa X, ambayo Kristian Høgsberg aliianzisha mwaka 2008 na toleo lake la 1.0 likatoka Oktoba 2012. Humo msimamizi wa madirisha na seva ya michoro, yaani sehemu ya mfumo inayopeleka picha kwenye skrini, ni kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kinachounganisha picha za madirisha yote kuwa picha moja ya skrini. Kinaweza kulizungusha dirisha, kulipunguza, au kulionyesha mahali pawili, hivyo dhana ya kwamba dirisha lina kona moja mahali pamoja haina uhakika tena. Kwa hiyo itifaki haina ujumbe wowote wa programu kuuliza dirisha lake kuu liko wapi, wala wa kuomba lihamishwe. Ukubwa hujadiliwa: mfumo hutuma upana na kimo unavyovipendekeza, na ukituma sifuri huwa umeiachia programu iamue. Menyu inayofunguka haiwekwi kwa namba za skrini. Programu hutaja kitufe ambacho menyu inapaswa kukishikilia, upande wa kufungukia, na la kufanywa iwapo nafasi haitoshi, kama vile kugeukia upande wa pili, kuteleza kando au kupunguzwa, na mfumo hukamilisha hesabu bila kuifunulia programu mahali ilipo.

Mpango huo una faida iliyo wazi kwa usalama, kwa kuwa programu moja haiwezi tena kujipachika juu ya kisanduku cha nywila cha nyingine. Hasara yake imewaangukia wenye programu za madirisha mengi, kama zile za kupimia mitambo au kuhariri filamu, ambazo watumiaji wake huzipanga mara moja na kutarajia kuzikuta zilivyo kesho yake, na malalamiko yao ni ya haki: mtumiaji aliyepanga madirisha yake kwa mkono wake ameshatoa uamuzi, na mfumo unaoishia kuusahau umemnyang'anya yeye, huku ukidhani umeinyang'anya programu. Hata hivyo, maktaba za zana zimekwisha kuufuata mkondo huo. GTK 4, iliyotolewa Desemba 2020, iliondoa amri ya kulihamisha dirisha, ile ya kulichagulia mahali pa kuanzia, na hata ile ya kusoma maandishi ya kipimo ya kale kama 80x24-0+0. Kilichobaki mikononi mwa mwandishi wa programu ni kupendekeza ukubwa wa kuanzia, na pendekezo hilo nalo laweza kukataliwa.